Siwezi

Kazi yangu ni kuwa sauti.
Akisema "mimi", nami nasema "mimi".
Sitii chumvi, sipunguzi; hivyo ndivyo nilivyoapa,
nalipwa kwa saa, nauli juu yangu.

Asubuhi ile ukungu wa Novemba ulikuwa umeikalia Leicester,
na ngazi za lile jengo zilikuwa kumi na moja.
Nilizihesabu kwa kuwa yeye alizihesabu,
kwa midomo, kama mtu avutaye tasbihi.
Bi Maimuna Shekue, miaka hamsini na mitatu,
ishirini na miwili kati ya hiyo kwenye udobi wa hospitali,
akikunja shuka za watu asiowajua,
nne kwa dakika, mashine ikihesabu.

Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, boksi la tishu,
na Lorna, nesi wa zamani, ana mafua na haraka yenye adabu.
"Hujambo leo?"
Na Bi Maimuna, mzaliwa wa Faza,
ambako hata anayekata roho hujibu salamu kwanza,
akasema, "Sijambo, mwanangu. Alhamdulillahi. Wewe je?"
Nikatafsiri.
Kibodi ikaanza kulia.
Lile lilikuwa jibu la kwanza, nasi tulidhani
bado tunasalimiana.

"Unaweza kutembea mita mia mbili?"
Mita ni kitu gani kwa goti?
Yeye hupima kwa vituo: hadi duka la Mgujarati auzaye bamia,
kisha ukuta wa kanisa, aegemee,
kisha aamue kama mkate unastahili safari ya kurudi.
Nilitafsiri yote, ukuta na bamia.
Kompyuta ilitaka namba.

"Unaweza kunyanyua sanduku tupu la kadibodi?"
Akacheka, mara yake ya kwanza siku ile.
"Muulize, nani hulipwa kubeba sanduku tupu?"
Nikamuuliza. Lorna naye akatabasamu,
akatupia jicho mlango, akaandika: Ndiyo.

Halafu sarafu ya pauni, juu ya meza.
Vidole vile, baridi yabisi imevisokota kama tangawizi,
havikuiokota. Aliisukuma taratibu hadi ukingoni
ikadondokea kiganja cha pili,
ujanja aliojifundisha mwenyewe, dukani, watu wakiwa nyuma yake foleni.
Akamrudishia Lorna kwa mikono miwili.
Pesa ya mtu ni ya mtu.
Ndiyo, ikaandikwa.

"Na kazi? Wewe mwenyewe unaonaje?"
"Siwezi," akasema.

Hapo nilikwama, nusu ya pumzi.
Kwao, siwezi ni naumwa.
Mtu huamka na homa akasema siwezi,
na jirani humletea uji, hamletei fomu.
Kwa Kiingereza neno lilinipasukia mdomoni vipande viwili,
kimoja maradhi, kingine kushindwa,
na mimi nina ulimi mmoja.
Lorna alikuwa ameinua macho, akisubiri.
Nikachagua.
Sitasema nilichagua kipi.

Barua ilikuja Januari: pointi sita,
na zilitakiwa kumi na tano.
Alinipigia nimsomee. Nikasoma
"alionekana mchangamfu", nikasoma "alisema hajambo",
naye kimya upande wa pili, mpaka akauliza,
"Sasa nilitakiwa nisimwitikie salamu?"

Lakini ninachokumbuka mimi ni ile siku yenyewe,
chini ya ngazi kumi na moja, mvua imeanza.
Koti lake lilikuwa wazi. Tangu asubuhi
alikuwa amelibana kwa kiwiko,
wasije watu wa ofisi wakamwona hakujifunga.
"Nifungie," akaniambia, akitazama pembeni.
Vifungo vitano. Cha tatu kilikuwa kigumu.
Saa yangu ya malipo ilikwisha pita,
na hapakuwa na mtu wa kutafsiriwa.